"Borrow" au "lend"? Kosa linalogeuza barua yako ya mkopo

Barua nyingi za kuomba mkopo zinazoletwa kwenye ofisi yetu ya tafsiri hapa Dodoma zikiwa tayari zimeandikwa kwa Kiingereza zina kosa hili: "I want to lend five million shillings from your bank." Mteja anataka kukopa milioni tano, lakini barua inasema anataka kukopesha. Afisa mikopo ataelewa, ila umeshajishusha. Na usitegemee kompyuta ipige mstari mwekundu, maana hakuna herufi iliyokosewa.

Chanzo ni kuazima. Tunasema "niazime jembe" na pia "nimeazima jembe kwa jirani", kitenzi kilekile kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza hakiruhusu hivyo. Kabla hujaandika, weka kukopa au kukopesha mahali pa kuazima, hata kama kinachoazimwa ni jembe. Pakikubali kukopa, andika "borrow". Pakikubali kukopesha, andika "lend".

Kisha angalia mpangilio. Baada ya "borrow" taja kitu, halafu "from" na mwenye kitu. Mkulima wa zabibu wa Hombolo ataandika: "I borrowed a sprayer from my neighbour." Jirani yake ataandika "I lent him a sprayer" au "I lent a sprayer to him." "Borrow me your pump", tunayoisikia kila siku, haipo, sema "lend me". Wakati uliopita ni "lent", siyo "lended", na kwa herufi ndogo: "Lent" yenye herufi kubwa ni Kwaresima.

"Loan" Wamarekani huitumia pia kama kitenzi. Kwenye barua rasmi iache iwe nomino tu. Tena kwa benki ni salama zaidi kuvikwepa vitenzi vyote viwili: "I am applying for a loan of TZS 5,000,000, repayable in 12 months."

Penye hatari hasa ni mkataba. "Lender" ni mkopeshaji, "Borrower" ni mkopaji. Majina yakibadilishana nafasi, aliyetoa fedha anasomeka kama mdaiwa. Tafuta kifungu chenye "the Borrower shall repay", kisha rudi ukurasa wa kwanza uone ni jina la nani lililopewa cheo hicho. Likiwa la mtoa fedha, msisaini. Rekebisheni na kuchapa upya nakala zote. Kurekebisha kwa kalamu nakala moja tu ni kutengeneza mikataba miwili inayopingana.

Kwa vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA ambavyo wanachama wote wanaongea Kiswahili, ushauri wetu ni kuandika mkataba kwa Kiswahili, hata kama sisi tutakosa kazi ya kutafsiri. Inapolazimu Kiingereza, tuletee maelezo kwa Kiswahili: majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, kiasi, riba, tarehe za marejesho na dhamana. Kuandika upya kutoka hapo ni haraka kuliko kunyoosha Kiingereza kilichokwisha kupinda.