Vazi la Idi

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Mikindani, Ligula na Msimbati, pamoja nanyi mliopanda kwenda kusherehekea na wazazi Newala na Tandahimba. Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu.

Kila Ramadhani, aya ya 187 ya Suratul Baqara hunisimamisha. Inaeleza usiku wa saumu, kula na kunywa mpaka alfajiri, na humo humo tunaambiwa kuhusu wake zetu: wao ni vazi kwenu, na nyinyi ni vazi kwao. Katikati ya hukumu za funga! Leo watu wamependeza kwa nguo mpya, nami nalifikiria vazi hilo lisilouzwa dukani.

Nisimulie la nyumbani kwangu; mwenyewe ameniruhusu. Kuna mwaka mikorosho yangu ilishikwa na ugonjwa wa ubwiri unga. Dawa ya salfa nilichelewa kupuliza, kosa langu, maua yakakauka yakapukutika. Idi ikafika sina hata doti moja ya kanga. Usiku wa kuamkia sikukuu niliona haya kuingia ndani, nikabaki barazani. Kupitia dirishani nilimwona mke wangu anapiga pasi ya mkaa kanga yake ya zamani, ile iliyopauka pindoni, kisha akaifukiza udi.

Asubuhi shoga yake akamuuliza mbele yangu, "Mwaka huu shemeji kakuvalisha nini?"

Akashika upindo wa kanga. "Hii hii. Bado sijaichoka."

Basi. Hakulitaja tena jambo lile, hata siku tulizokosana. Hilo ndilo zito, maana wengi tunasitiriana wakati wa raha, tukigombana tunaanika kila kitu uani.

Nami ninalo langu la kupokea. Mwenzangu ana hasira za karibu, na kwa miaka nilikuwa namlinganisha na mama yangu, mpaka namna anavyopika pweza wa nazi. Nimeacha. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba muumini asimchukie mkewe muumini, akichukia tabia yake moja, ataridhia nyingine. Hasira zile zile ndizo zilizomtoa alfajiri kwenda kumtetea mwanetu shuleni.

Lakini dada zangu, mtu asikudanganye kwamba kumkubali mume ni kuvumilia kipigo. Vazi halimchubui aliyelivaa. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Anayepigwa aseme kwa wazee, na wazee tusimrudishe kimya kimya.

Kwa waliooana mwezi wa Shaabani, hii ndiyo Idi yenu ya kwanza mkiwa wawili: hongereni sana. Kwa wajane na wagane, tunawaombea waliotangulia.

Hapa kwetu ming'oko iko jikoni, chai ya tangawizi tayari, na mama wa nyumba anauliza mbona wageni wamechelewa. Karibuni.