Usiiuze VEF ya mzee

Saint Petersburg

Ndugu yangu fundi,

Habari za siku nyingi? Mfikishie mama shikamoo yangu. Sisi huku tu wazima, baridi tu ndiyo imetubana.

Nimesoma kwenye ujumbe wako kwamba ile redio ya VEF 202 aliyorudi nayo mzee kutoka masomoni iko stoo, haishiki FM hata moja, na kuna mtu anaitaka ili ang'oe spika. Tafadhali sana, usimpe. FM haishiki kwa sababu haikuundwa nayo. Ina masafa marefu, ambayo kwetu hayana stesheni, ina masafa ya kati, na ina masafa mafupi. Hayo mafupi ndiyo kazi yake hasa.

Wikiendi nikipata nafasi huwa nazunguka soko la vitu vikuukuu la Udelnaya. Wenzangu wengi wanawinda televisheni ya KVN-49, ile yenye skrini ya sentimita 18, mbele yake unaweka lenzi kubwa ya kujaza maji au gliserini ili picha ikue. Inapendeza, sikatai. Ila mimi roho yangu iko kwenye redio za Riga, kule Latvia. Kiwanda cha VEF kilitoa Spidola mwaka 1960, redio ya kwanza ya transista yenye masafa mafupi kutengenezwa kwa wingi katika Umoja wa Kisovieti, na hiyo 202 yenu ni ya ukoo huo huo.

Ifungue mgongo. Utaona ngoma ya plastiki. Ukizungusha swichi ya bendi, ngoma nzima inazunguka. Kila bendi ina kipande chake chenye koili zake, na kinachogusa kontakti ni kile tu ulichochagua. Kipande chenyewe kinachomoka. Hapo ndipo ninapoipendea! Redio za kuuzwa ndani ya Umoja wa Kisovieti kwa kawaida ziliishia bendi ya mita 25. Mita 19, 16 na 13, ambako stesheni za nje husikika vizuri mchana, hazikuwekwa. Basi watu wakawa wanachomoa kipande cha bendi wasiyoihitaji, wanafumua waya, wanasuka koili upya kwa mizunguko michache zaidi, wanakirudisha. Serikali wakati huo ilikuwa na mitambo mizima ya kuvuruga matangazo ya nje, na raia alikuwa jikoni kwake na lehemu. Kipande kimoja cha namna hiyo nimewahi kukishika: nta ya kiwandani imekwanguliwa, juu yake imedondoshewa ya mshumaa, na pembeni mtu ameandika 19 kwa penseli. Ningewekewa redio mpya ndani ya boksi na kile kipande, ningechukua kipande.

Ndiyo maana siwaelewi kabisa wanaotoa utumbo wote na kutia bluetooth.

Sasa kabla hujaiwasha. Toa betri zote sita. Zikiwa zimevuja, safisha kutu kwanza. Kontakti za ngoma zifute kwa spiriti na kitambaa laini, msasa usiusogeze karibu. Ukikuta kapasita za K50-6, badilisha bila kujiuliza, zina sifa mbaya ya kukauka. Halafu angalia hapa, maana wewe umezoea redio za siku hizi: transista zake ni za jemaniamu, na kwenye redio za aina hiyo mara nyingi chanya ndiyo iko upande wa ardhi. Fuata mchoro kabla ya kuunga waya wa betri. Ukilehemu, shika mguu wa transista kwa koleo ili joto lisifike ndani, jemaniamu haivumilii. Angalia pia kama kijitabu chake bado kipo. Redio hizi ziliuzwa pamoja na mchoro wake.

Ukishaifungua nipigie picha ya ngoma, kipande kimoja kimoja, pande zote mbili. Mzee alikaa huku miaka, alikuwa na mikono ya ufundi, na nataka kujua kama vipande vyote ni vya kiwandani. Na huyo mnunuzi, kama ni spika tu anayotaka, gharama ya nyingine nitaituma mimi.

Wasalimie wote.

Ndugu yako wa huku kwenye barafu