Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Birmingham

Ndugu wanachama, na wazee wetu mliojikaza kufika na baridi hii, salaam.

Shughuli za mwaka mnazijua: futari ya pamoja, darasa la Kiswahili la watoto, michango ya misiba. Safari ya Blackpool iliahirishwa kwa kukosa watu. Walioandikishwa ni 84, waliolipa ada 31, waliohudhuria kikao cha mwezi Oktoba ni 9 tu, na kati ya hao 6 ni kamati. Pauni 20 kwa mwaka mzima, jamani! Lakini lawama kwenye kundi la WhatsApp hazina ada.

Sasa bendera. Agosti, nguzo za taa za mitaa ya Northfield na Weoley Castle hapa mjini zilipojaa bendera za Uingereza na za msalaba mwekundu wa England, mtu tusiyemjua alifunga moja ya msalaba kwenye uzio wa ukumbi wetu kwa vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya. Baadhi yenu mlitaka ishushwe usiku uleule. Nilikataa. Siku ya tamasha la Septemba nikaongeza ya Uingereza mlangoni, pamoja na za Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi. Tangu hapo naitwa msaliti.

Kanuni za matangazo za 2007 zinaruhusu bendera ya nchi yoyote bila kibali, mradi mwenye eneo ameridhia na haihatarishi mtu. Nguzo ni za halmashauri, ndiyo maana ilitangaza kuziondoa zile (wazoa taka walikuwa wamegoma tangu Machi, ila bendera zilipata wa kuzihangaikia). Uzio ni wetu. Tena, kila mtu ana kamera mkononi: tungeonekana tunaichana usiku, asubuhi video ingekuwa nchi nzima.

Wenye hofu siwabezi. Katika ghasia za 2024, baada ya watoto kuuawa Southport, bendera hiyohiyo ilibebwa na watu walioshambulia hoteli za waomba hifadhi. Na 13 Septemba mwaka huu watu zaidi ya laki moja waliandamana nayo London kupinga uhamiaji. Lakini Julai 2024, fainali ya Euro, watoto wetu walichorwa msalaba ule mashavuni humu humu ukumbini, na waliowachora ni mama zao. Kilichotuudhi siku ile ni bao la Oyarzabal wa Hispania lililoifunga England tu.

Wajumbe wawili walijiuzulu kwa hiari yao. Barua zao zipo. Mliouliza nani aliidhinisha matumizi, bendera zote za mlangoni nilinunua kwa fedha zangu na sijadai hata senti.

Mwakani, panapo majaliwa, tunatarajia kupata ukumbi mkubwa zaidi na kufufua safari ya Blackpool. Juni kuna Kombe la Dunia na England imeshafuzu. Bendera za uzioni itaamua kamati mtakayoichagua leo. Wanaopiga kura ni waliolipa tu, na mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.