Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha kujenga treni ndogo za modeli, hapa Mwanza, inanitaka kila Desemba niwaeleze tulichofanya, tulichotumia na tulichoharibu. Mwaka huu naanza na tulichoharibu, maana ndicho kilichotupotezea muda mwingi zaidi.

Mnakumbuka Januari nilijitolea chumba cha kujengea treni zetu nyumbani kwangu Mkuyuni, baada ya kitinda mimba wangu kuhamia Dodoma kikazi. Katibu akaandika kwenye muhtasari: "chumba kisichotumika." Ningemsahihisha palepale. Hapa kwetu hakuna chumba kisichotumika; kuna chumba ambacho mgeni wake hajashuka kwenye basi. Nilinyamaza kwa sababu nami nilikuwa na hamu ya kuona treni, na kunyamaza kwangu kumetugharimu.

Februari tulijenga kabla ya kupima. Tulinunua bodi nzima ya futi nne kwa nane, ile ya vumbi la mbao lililogandamizwa, kwa kuwa ilikuwa rahisi na imenyooka vizuri dukani. Tulipoiingiza tukagundua kwamba mlango unafungukia ndani. Ikabidi bodi isukumwe hadi ukutani, na upande wa mbali ukawa sentimita 122 kutoka kwa mtu aliyesimama. Mkono wa mtu mzima hufanya kazi vizuri hadi sentimita 70 hivi. Treni ikianguka kule nyuma, Katibu alikuwa anapanda juu ya bodi kwa magoti kuifuata. Masika ilipofika, bodi ikanywa unyevu, ikabonyea katikati kama kitanda cha kamba. Aprili tuliitoa nje. Sasa ni mlango wa banda la kuku la jirani, na kwa kazi hiyo haina kasoro.

Baada ya hapo ndipo tulipokaa kupanga, na nawashukuru mliovumilia zile Jumamosi tatu za magazeti sakafuni. Kwa asiyekuwepo: tulikata magazeti kwa upana halisi wa meza tunayoitaka, tukayatandaza chumbani, tukafungua mlango, tukafungua dirisha, tukalaza kitanda cha nne kwa sita mahali pake, kisha tukatembea. Kila mlipokanyaga gazeti, tulilipunguza. Kilichobaki ni umbo la herufi L, kwa kufuata kuta mbili, upana sentimita 45, na kwenye kona tumeongeza kidogo ili treni ikate kona kwa nusu kipenyo cha sentimita 60. Meza iko mita 1.2 kutoka sakafuni. Kitanda kinabaki chini yake. Hilo lilikuwa sharti langu pekee, na sikulilegeza.

Ubishi mkubwa ulikuwa reli ipi. Vijana walitaka reli ya kisasa, na nawaelewa. Tangu 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kinajengwa macho yetu yakiona. Hesabu nayo iko upande wao. Njia ya modeli ya kipimo cha 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli, inayouzwa zaidi duniani, ina upana wa milimita 16.5. Zidisha mara 87, unapata 1,435 na nusu. Upana wa SGR, ndiyo hiyo reli ya kisasa, ni milimita 1,435. Sisi wazee tulitaka reli ya kale, ya mita moja, ile iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928. Kwa kipimo hichohicho, reli hiyo inataka njia ya milimita 12, na bidhaa zake nyingi zimetengenezwa kwa treni za milimani kule Uswisi, ambazo hazifanani na chochote kilichowahi kupita Malampaka.

Hatukupiga kura. Kilichoamua ni chesisi mbili zilizotumika, yaani mota na magurudumu ya treni ndogo bila umbo la juu, ambazo mwanachama mmoja alirudi nazo kutoka Ujerumani. Ni za kipimo cha TT, 1:120, kilichopendwa sana iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na magurudumu yake hukaa kwenye milimita 12 kamili, zilezile za reli ya kale. Juu ya moja tumejenga umbo jipya kwa majalada ya plastiki ya kuhifadhia karatasi, na leo tuna kichwa cha dizeli cha daraja la 88 chenye sura ya kueleweka. Mzee wetu wa reli, aliyeviendesha vya kweli, alikitazama muda mrefu kisha akasema dirisha la dereva liko juu mno, labda dereva wetu ni Mmasai. Dirisha limeshushwa.

Ubishi wa pili ulikuwa na uzito zaidi. Nusu yenu mlitaka mzunguko, treni iende iende. Nusu mlitaka stesheni. Nilimwomba kijana wetu wa kompyuta apige hesabu, naye akaleta majibu yaliyotutia adabu. Ukuta mrefu wa chumba ni mita 3.6. Mara 87, ni mita 313 za kweli. Yaani chumba kizima, ukuta hadi ukuta, hakifiki theluthi moja ya kilomita. Hiyo Mwanza hadi Isaka peke yake ingehitaji karibu kilomita nne za meza: treni itoke chumbani kwangu, ipite uani, ielekee mjini kati. Mzunguko nao kwenye chumba hiki ungefunga mlango, na mimi sitambai chini ya meza kuingia chumba cha nyumba yangu.

Hapo mzee wetu akaongea kwa mara ya kwanza siku ile. "Mnatafuta treni iende wapi? Mwanza ni mwisho wa reli. Kutoka hapa behewa linapanda meli."

Ndugu wanachama, sentensi hiyo ndiyo iliyojenga tulichonacho. Swali gumu la kila modeli ndogo ni treni ikitoka machoni inakwenda wapi. Wenzetu wa nchi nyingine huificha nyuma ya ukuta wa kadibodi, kwenye njia za maegesho zinazokula nusu ya chumba. Sisi tuna ziwa. Bandari ya Mwanza Kusini ina gati ambako reli inaingia hadi ndani ya meli, na MV Umoja imebeba mabehewa ya mizigo kwenda Port Bell na Kisumu. Kwa hiyo tumejenga kipande kifupi tu: stesheni ya Mwanza upande mmoja wa L, Mwanza Kusini upande wa pili, wakati ukiwa miaka ya 1980, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na kila nchi kubaki na reli yake. Meli ni ubao wenye njia tatu unaonyanyuliwa na watu wawili. Mabehewa yakishapanda, meli inatolewa chumbani, inakwenda mezani sebuleni, mabehewa yanapangwa upya, na inarudi ikiwa imetoka Kisumu. Meli nzima kwa kipimo ingekula kama mita moja, basi tumejenga nusu ya nyuma tu. Mbele ni mawazo.

Kuunganisha meli na gati ndiko kulikonifurahisha kuliko yote. Fundi seremala alifunga makomeo mawili ya shaba, ya milango ya kawaida. Komeo likiingia, reli za meli na za gati zinakutana bila kupishana, na umeme unapita kwenye komeo lenyewe. Ukisahau komeo, njia ya gatini haina umeme, na kichwa hakiwezi kusukuma behewa kuelekea ziwani kwa bahati mbaya. Mzee ametuongezea taratibu mbili za kazini: kichwa hakikanyagi melini, kinasukuma kwa kutanguliza mabehewa matupu, na mizigo inapandishwa kwa kupima kulia na kushoto, meli isilale. Vijana waliokuwa wanalilia mzunguko sasa wanagombana nani awe stesheni masta.

Nakiri kosa moja la kipimo lililobaki. Kwenye stesheni, kichwa kikishafika mwisho lazima kikatwe, kipite njia ya pembeni, kirudi upande wa pili. Njia hiyo ya pembeni tuliipima vizuri: inatosha mabehewa matano ya sentimita 15. Ile ncha ya mwisho, mahali kichwa kinaposimama kabla ya kugeuza, tuliikata sentimita 16. Kichwa chetu ni sentimita 20. Kwa wiki mbili hakuna treni iliyoweza kuondoka Mwanza. Tumetoboa ukuta wa stesheni kwa muda. Mtaona kichwa kinachungulia kwa abiria.

Kuhusu joto. Reli tulizitandika Julai, asubuhi, baridi ya ziwani ikiwepo, na tukazibana kichwa kwa kichwa kwa kujivunia kazi safi. Chumba kina bati na dari jembamba. Septemba, saa nane mchana, reli ziliinuka kutoka kwenye mataruma zikajikunja kama nyoka. Joto likipanda nyuzi 15, hurefusha mita 3.6 za reli hizi kwa karibu milimita moja, na milimita hiyo lazima iende mahali. Mzee alikuwa ametuambia. Sasa kila kiungo kimeachiwa nafasi ya unene wa laini ya simu, ile kadi yenyewe, tunaiingiza katikati tunapotandika kisha tunaichomoa. Meza nayo safari hii ni plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu ya mbao za paini zilizokaushwa, na imepakwa vanishi juu na chini. Ukipaka juu tu, unyevu huingia kwa chini na mbao hupinda.

Viungo vikilegea, umeme nao hupungua, na treni huchoka kadiri inavyokwenda mbali. Ndiyo maana chini ya meza mnaona nyaya mbili nene, na kila kipande cha reli kimelehemiwa waya wake wa kushuka. Ni kazi ya kuchosha na inaunguza vidole. Hakuna njia ya mkato. Umeme ukikatika tunatumia betri ya bodaboda ya volti 12, ambayo ndiyo volti hasa ya treni zetu. Tafadhali mwenye pikipiki asiiache nyumbani siku ya mkutano.

Miamba. Huwezi kujenga Mwanza bila mawe yake, na tuliyakosea mara mbili. Mara ya kwanza tuliokota mawe ya kweli, fremu ikalalamika. Mara ya pili vijana walichonga yale mapovu meupe yanayofungia friji, wakapaka jipsamu, na yakatoka viazi. Jumapili moja tulikwenda kukaa karibu na Mwamba wa Bismarck, tukatazama tu. Granite hupasuka kwa mistari iliyonyooka, kisha jua na mvua hula pembe. Kwa hiyo jiwe huanza kuwa sanduku: chonga sanduku, ligawe kwa kisu, ndipo ulainishe kona. Halafu michirizi myeusi ya maji inashuka wima, na juu kabisa kuna weupe wa kinyesi cha ndege. Weupe huo msiuone aibu. Bila huo, si jiwe la Mwanza.

Ziwa ni vanishi, tabaka saba. Tabaka la tano lilimwagwa jioni ya Oktoba, dirisha wazi ili harufu itoke, taa inawaka. Anayejua vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda juu ya maji kama moshi na kukimbilia taa, ameshajua kilichotokea. Asubuhi ziwa lilikuwa na ngozi nyeusi. Tulikwaruza, tukamwaga upya, dirisha limefungwa na taa imezimwa, tukiwa na tochi moja ya simu. Wachache wamebaki ndani karibu na gati. Nimekataza wasitolewe.

Agosti alikuja mama mdogo wangu kutoka Geita kwa matibabu ya macho, akakaa wiki tatu. Alilala kwenye kitanda chake kama nilivyoahidi, ila hatukuwa tumefikiria chandarua. Mahali pa kukitundika palikuwa stesheni ya Mwanza. Kilifungwa kwenye vichwa vya skrubu chini ya meza, na usiku wa kwanza alipojigeuza aling'oa nyaya nne za kushuka. Aliniambia asubuhi, kwa heshima zote, kwamba amezaa watoto saba na hajawahi kulala chini ya reli. Kuanzia hapo alikuwa anauliza kila saa kumi kama meli imerudi. Marobota ya pamba mnayoyaona kwenye mabehewa ni kazi ya mikono yake: vipande vya mti vilivyovishwa bandeji, ambazo mimi kama muuguzi mstaafu sikuwa na uhaba nazo.

Fedha kwa kifupi, kwani Mweka Hazina atasoma yake. Wanachama 13 kati ya 17 wamelipa ada. Zaidi ya nusu ya matumizi yamekwenda kwenye pointi tano za reli, zile zinazohamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine. Mtu yeyote akiwaambia pointi ni ghali, ni kweli. Bodi ile ya kwanza imeandikwa kama hasara. Jirani alitupa trei moja ya mayai, nayo imeandikwa.

Mwakani naomba mamlaka yenu kwa mambo mawili. Kwanza, chesisi ya pili ivalishwe, ili Mwanza Kusini iwe na kichwa chake cha kushanti, yaani cha kupanga mabehewa. Pili, meli na gati, kwa kuwa vinabebeka, vipelekwe Nane Nane viwanja vya Nyamhongolo, watoto wapandishe mabehewa wenyewe. Reli ya kisasa hatujaitupa: vijana wamepewa ukuta wa tatu, juu ya dirisha, wakileta kwanza magazeti yaliyokatwa.

Mama mdogo amepiga simu kwamba daktari anamtaka tena katikati ya Januari. Ndoano ya chandarua ifungwe darini kabla ya hapo. Fundi seremala, nakusubiri Jumamosi, na uje na ngazi yako. Yangu imevunjwa na Katibu.

Mwenyekiti