Gunia likishauzwa, kesi imekufa

Mhariri,

Msimu wa korosho ukifunguliwa, huku Newala na Tandahimba ulinzi shirikishi wa wanakijiji nao huingia kazini. Walinzi hukesha mashambani na kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na wezi wanakamatwa. Wiki chache baadaye mtuhumiwa yuko kijiweni anakunywa kahawa, na maneno yanaanza: polisi wamekula, hakimu kahongwa. Rushwa ipo, hatubishi. Ila kabla ya kumnyooshea hakimu kidole, tuliangalie gunia.

Korosho ghafi zote zinafanana. Mahakamani haitoshi kusema "hizi zangu". Mlalamikaji aeleze kwanza alama za mali yake, ndipo aonyeshwe: gunia lina kiraka ubavuni, limeshonwa kwa kamba ya bluu, karibu na mdomo kuna herufi mbili za wino. Walinzi wakimwamsha mwenye shamba usiku uleule, akalifungua na kuzimwaga chini azikague, utambuzi umeshaharibika. Wakili yeyote ataushika hapo hapo. Kibaya zaidi ni viongozi kulipeleka ghalani likapimwe na kuuzwa, eti zisioze. Korosho iliyoanikwa ikakauka haiozi kwa wiki mbili tatu! Hakimu aletewe nini, stakabadhi?

Kwa hiyo mlinzi abebe daftari na kalamu, si rungu peke yake. Aandike saa, mahali, nani kakamata, nani kashuhudia. Gunia libaki limefungwa vilevile, na mtuhumiwa na mashahidi watie saini au dole gumba. Kisha vyote, mtu na gunia, vifike kituoni bila kukawia. Ofisi ya mtendaji wa kijiji si mahabusu. Mtuhumiwa akilazwa humo au akipigwa, kesho yake anageuka yeye mlalamikaji, ana PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mkononi, na walinzi ndio wanaotafuta wadhamini. Kituoni ombeni namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, mwandike pia namba ya askari aliyepokea kielelezo.

Jambo jingine linalovunja imani ni dhamana. Wizi wa gunia la korosho una dhamana, na dhamana haiuzwi. Mtuhumiwa hufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na hilo lisipowezekana hupewa dhamana. Kumwona mtaani si dalili kwamba kesi imefutwa. Hili Mkaguzi wa polisi wa kata angelisema yeye mwenyewe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha asome RB moja moja: ipi iko kwa mpelelezi, ipi imefika Mahakama ya Mwanzo, ipi imekwama kwa kuwa shahidi hakutokea. Mara nyingi shahidi huyo ni mlinzi wetu wenyewe, amekosa nauli, ilhali michango ya ulinzi imekusanywa kila kaya bila risiti. Mtendaji naye asome matumizi ya michango hiyo siku hiyohiyo.

Wasaidizi wa kisheria,
Newala, Mtwara