Barua kwa rafiki: Komoro hawakubahatisha

Kaka habari za siku nyingi,

Voisi yako nimeisikiliza, hasa pale uliposema Komoro ni timu ya Wafaransa waliokosa namba kwao wakajitafutia nchi ya kuchezea. Nikaona hapana, hii siijibu kwa meseji, kaa chini nikuandikie vizuri, maana watu wengi wanaanza kuwahesabu Komoro kuanzia ule usiku waliomfunga Ghana, kana kwamba walidondoka tu kutoka mbinguni.

Nchi yenyewe unaijua, Ngazija, Nzwani na Mwali, watu hawafiki milioni moja, uhuru wao 1975 na kisiwa cha nne, Maore, kikabaki kwa Wafaransa mpaka leo. Kwa miaka mingi mpira wao wa kimataifa ulikuwa ni Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi basi, wanakutana na Reunion, Morisi, Madagaska, wanarudi nyumbani. FIFA wameingia 2005, yaani juzi tu! Mechi zao za kwanza za kufuzu Kombe la Dunia ni 2007, Madagaska akawapiga 6-2 kwake halafu akaja Komoro akawapiga 4 bila. Hapo ndipo walipoanzia.

Sasa hao unaowaita Wafaransa. Marseille, kule Ufaransa, imejaa Wakomoro, wazazi walihama kutafuta maisha na watoto wakazaliwa kule, lakini nyumba ni ya Kikomoro, lugha, ndoa, misiba, kila kitu kinaunganishwa na kijijini. Nadjim Abdou aliyekuwa anacheza Millwall pale Uingereza alianza kuichezea Komoro 2010, na 2010 hakukuwa na kamera wala sifa ya kuchukua, ilikuwa ni kwenda kufungwa tu. Mtu anayetafuta umaarufu haendi kwenye timu ya namna hiyo kaka. Na akakaa hapo zaidi ya miaka kumi.

Halafu 2014 akaja kocha Amir Abdou, naye kazaliwa Marseille, hakuna aliyekuwa anamjua kwenye mpira wa Afrika. Huyu ndiye ningemjengea sanamu. Alichofanya ni kuwafuata hao vijana huko Ulaya kwenye madaraja ya chini na kuwavuta mmoja mmoja, na hakubadilisha timu kila msimu, wakazoeana. Matokeo yakaanza kubadilika polepole, 2015 Ghana anakuja Komoro anatoka 0-0, Machi 2016 wakamfunga Botswana 1-0, ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye mechi za kufuzu AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, 2018 Kameruni wakabanwa 1-1 visiwani. Unaona ilivyokuwa inapanda?

Na kwenye kufuzu AFCON ya 2021 Kenya walikuwa kundi moja nao, na Misri, na Togo. Togo akafungwa kwao Lome, Misri akatoka droo Moroni, mji mkuu wao, Kenya akatoka 1-1 Nairobi halafu siku nne baadaye akafungwa 2-1 kule Komoro. Tarehe 25 Machi 2021 uwanja wa Malouzini, droo ya 0-0 na Togo, wamefuzu na bado wana mechi moja mkononi. Miaka 16 tu toka waingie FIFA.

AFCON yenyewe ikachezwa Januari 2022 Kameruni. Wakafungwa na Gabon 1-0, na Moroko 2-0 japo kipa wao Salim Ben Boina aliokoa penati ya En-Nesyri na vingine vingi. Kisha Garoua, tarehe 18, Ghana bingwa mara nne. El Fardou Ben dakika ya nne goli, Andre Ayew kadi nyekundu, Ahmed Mogni la pili, Ghana wanarudisha yote mawili, na mimi nikasema haya yameisha, ndio Mogni tena dakika ya 85. 3-2. Ghana mkiani mwa kundi, wakarudi nyumbani.

Ila mimi ile ya Kameruni ndiyo inayonikaa moyoni zaidi. Hatua ya 16 bora, wenyeji, uwanja wa Olembe, na Komoro hawana kipa hata mmoja! Ben Boina kaumia bega, wengine wawili korona, mmoja wao Ali Ahamada akapimwa siku ya mechi akaonekana mzima lakini kanuni za kujitenga zikamkatalia. Basi golini akasimama Chaker Alhadhur, beki wa kushoto, mtu mfupi tu, jezi ya kipa ikabandikwa namba 3 kwa teipu. Dakika ya saba Nadjim Abdou, kapteni mwenyewe, kadi nyekundu. Watu kumi, kipa beki, dhidi ya washambuliaji wa Kameruni, Toko Ekambi na Aboubakar, wewe ungetegemea ngapi? Ikaisha 2-1. Chaker alikuwa anadaka mipira ya karibu mno mara mbili mfululizo, na dakika ya 81 Youssouf M'Changama akapiga faulo kutoka mbali ikaenda moja kwa moja wavuni, sijaona goli la mtu aliyefungwa lililoshangiliwa na Afrika nzima namna ile. Siku hiyohiyo watu wanane walifariki kwenye msongamano nje ya uwanja, hilo nalo lisisahaulike, Mungu awarehemu.

Baada ya hapo Amir Abdou akaenda Mauritania, na AFCON iliyofuata Komoro hawakufuzu, wapinzani wakasema si mnaona. Lakini Novemba 2023 Ghana kapigwa tena Moroni, 1-0 goli la Maolida, na chini ya Mtaliano Stefano Cusin wakaongoza kundi la kufuzu AFCON 2025 bila kupoteza hata mechi moja, Tunisia akafungwa kwao na kijana anaitwa Rafiki Said. Kule Moroko kwenye AFCON yenyewe wakafungua na wenyeji wakala 2, kipa Pandor akadaka penati, halafu 0-0 na Zambia, 0-0 na Mali, wakatoka.

Hapo ndipo ninapokubaliana na wewe kidogo: mechi tatu bila goli ni tatizo, na vijana wanaocheza ligi ya Moroni, Mutsamudu na Fomboni bado nafasi yao timu ya taifa ni finyu mno, hilo linaniuma kweli. Ulinzi wanao, wanahitaji mfungaji na wanahitaji ligi ya nyumbani ipewe pesa. Nijibu hilo tubishane, lile la Wafaransa liache.

Salimia nyumbani wote.