Paundi za Marekani, kilo za Dar: mzigo wako tunaupimaje

Mteja anaona blenda kwenye duka la mtandaoni la Marekani, pameandikwa 12 lb, anatupigia akiwa ameshajumlisha nauli ya kilo 12. Hizo ni paundi. Kwa kilo ni 5.4, chini hata ya nusu ya alichokuwa anaogopa.

Sisi tunatoza kwa kilo, kwa hiyo kabla hujalipia kitu, fanya hivi: gawanya paundi kwa mbili, halafu punguza sehemu ya kumi ya jibu. Paundi 30, nusu yake 15, toa 1.5, zinabaki kilo 13.5. Hesabu kamili ni 13.6. Kiwango rasmi, kilichokubaliwa 1959 na Marekani, Uingereza na wenzao, ni kilo 0.45359237 kwa paundi moja, lakini kwa bajeti ya nauli huhitaji kujisumbua na tarakimu zote hizo.

Wanaokosea zaidi ni wale wanaokutana na aunsi. Paundi moja ina aunsi 16, si 10. Buti zilizoandikwa 5 lb 8 oz ni paundi tano na nusu, yaani kilo 2.5. Ukiziandika 5.8 kwenye kikokotoo utapata 2.63. Kwa pea moja haidhuru, ila kwa mfanyabiashara wa pea 20 ni kilo 2.7 ambazo hazipo, na ameshaziweka kwenye bei ya kuuzia.

Halafu kuna ujazo, na hapa ndipo lawama nyingi zinapotoka. Mzigo wa ndege hulipiwa uzito wa mizani au uzito wa ujazo, wowote ulio mkubwa. Pima boksi kwa sentimita, zidisha urefu, upana na kimo, gawanya kwa 6000. Boksi la duveti la inchi 24 kwa 18 kwa 18 linaweza kuwa na kilo 5 tu kwenye mizani, lakini ujazo wake unatoa kilo 21. (Inchi moja ni sentimita 2.54.) Ndiyo maana tunawasihi muombe duveti na mito vifungashwe kwa kunyonywa hewa. Vyuma na vipuri havina shida hii, mizani inatosha.

Kama ndugu anakuja na begi mwenyewe, aangalie tiketi. Mashirika mengi huandika kilo 23 sawa na paundi 50, na si sawa kabisa: kilo 23 ni paundi 50.7. Kwenye kaunta za Marekani mizani husoma paundi, kwa hiyo ajaze mpaka kilo 22.5 aishie hapo.

Ukitaka tukukadirie, tutumie kiungo cha bidhaa pamoja na vipimo vya boksi lake. Uzito peke yake hautoshi.